Mkono Juu ya Tangi

Fundi Viti alishona viti vya watu wengine huku chake kimepasuka. Ukiingia karakana yake ungekuta viti vya magari vimepangwa hadi karibu na dari, vipande vya ngozi vimekunjwa kila pembe, na yeye mwenyewe katikati, miwani imeshuka puani, sindano imeng'atwa menoni. Kiti kilichotapika sifongo yote nje alikirudisha kwa mwenyewe kikiwa kimenyooka na kujaa. Ila pikipiki yake, iliyoegeshwa pale mlangoni kila siku, ilikuwa na kiti cha ngozi kilichochanika katikati, springi zinachungulia. Mteja mgeni akiona alicheka, "Kweli kinyozi hajinyoi!" Fundi Viti hakucheka naye. "Ngozi hiyo ni ya kiwandani," alijibu. "Sindano yangu haiigusi." Na jioni aliikalia hivyohivyo, springi zikimchoma, akaenda nyumbani ameridhika.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya baba yake. Baba alikuwa tarishi wa ofisi moja kubwa, mtu wa kupeleka bahasha huku na huku, na alipostaafu ofisi ikamwachia chombo alichokizeekea. Wapenzi wa pikipiki za zamani waliiita aina hiyo Kengele, kwa sababu ya mlio wake. Pikipiki nyingine hubwata, hiyo ilikuwa na sauti ya kugonga chuma kisafi, na ukiisikia mara moja huisahau. Kengele zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Ya baba ilikuwa adimu ndani ya adimu, Kengele ya kofia ndefu: kabureta yake, yaani kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla hayajaingia kwenye injini, ilikuwa ya shaba, na kofia yake imekwenda juu. Waliozitengeneza baadaye wakaifupisha kofia. Na kofia fupi, wenyewe watakuambia bila hata kuulizwa, inalia lakini haiimbi.

Hao wenyewe walikutana Jumamosi asubuhi katika ua wa nyuma wa duka la vipuri. Walikalia matairi mabovu, birika la chai likizunguka, pikipiki zao zimepangwa ukutani, kila moja imefutwa vumbi kuliko mtoto wa kupigwa picha. Kinyozi alikuwepo na pikipiki yake ndefu waliyoiita Mbuni. Mwokaji mikate alikuwepo na yake nzito iitwayo Sanduku. Na alikuwepo Mkereza, fundi wa mashine ya kukereza vyuma, aliyemwoa dada yake Fundi Viti. Naye alikuwa na Kengele, ila ya kofia fupi.

Mazungumzo yao mtu baki asingeyavumilia hata kwa dakika tano.

"Hiyo pampu ya upepo si yake," Kinyozi alisema siku moja akiinamia Sanduku. "Ya Sanduku ilikuja na mpini wa mbao."

"Mbao ilikuja kwenye zile za mwanzo," Mwokaji akamjibu. "Yangu ni ya toleo la pili. Ya toleo la pili ni mpini mweusi."

"Toleo la pili lilikuwa na taa yenye kioo cha mistari. Chako hakina mistari."

"Kioo kilipasuka! Kioo si pampu!"

"Basi sema taa ni feki."

"Taa si feki, kioo ndicho kimebadilishwa! Wewe honi yako umeitoa kwenye baiskeli ya mwuza aiskrimu, na hakuna aliyekusema!"

Wangeweza kukesha hapo. Ndiyo maana wakajiwekea kanuni ya kumaliza ubishi. Mwenye pikipiki akitaka kuaminiwa anaweka kiganja chake juu ya tangi na kusema, "Ya kiwandani, na mkono wangu uko hapa." Halafu mmoja anayekijua chombo hicho anaweka kiganja chake juu ya kile cha kwanza, anasema, "Na wangu juu ya wako." Yakishasemwa hayo, hapana swali tena. Lakini ikija kugundulika umeapia bandia, mkono wako umevunjika. Utakunywa chai, utabisha, utacheka na wenzako, ila hutaweka mkono tena. Yupo mmoja aliyevunjika mkono kwa ajili ya kifuniko cha betri. Jumamosi mbili alikuja, ya tatu hakuonekana.

Usiwacheke. Wewe una lako.

Fundi Viti hakuwa na mengi ya kujivunia. Mke wake alikwisha fariki, wanawe walikuwa mbali na walipiga simu wakikumbuka. Alichokuwa nacho ni dada yake, ambaye yeye alikwenda kula kwake kila Jumapili, na mkono huo. Hakuna aliyeuvunja. Akisema kitu pale uani kimesemwa, na watu waliolihama baraza hilo la Jumamosi muda mrefu bado waliuliza, "Fundi Viti anasemaje?" Mkono wa pili, ule wa juu ya wake, ulikuwa siku zote wa shemeji yake.

Sasa, miaka kadhaa nyuma, Mkereza alimwomba Fundi Viti ile kabureta ya kofia ndefu. Si kumpa, kumwazima. Ilikuwa kawaida yao: kifaa cha kiwandani kinachoazimwa ili kinakiliwe walikiita mama, na nakala waliita mtoto. Mama hurudi kwa mwenyewe, mtoto hubaki kwa fundi. Fundi Viti aliifunga kwenye kitambaa safi akampelekea mwenyewe.

"Shemeji, hii ni jicho langu," alisema.

"Shemeji, jicho lako si ni langu?" Mkereza akajibu.

Kabureta ikarudi, Mkereza akamfungia kwa mikono yake. Jumamosi iliyofuata akawasha Kengele yake yenye mtoto aliyemkereza, na ua mzima ukanyamaza. Iliimba. Mwokaji alisimama na kikombe mkononi. "Mtoto kamshinda mama!" Kinyozi akapiga makofi, na msemo huo ukawa wimbo wa baraza. Aliyefurahi kuwapita wote ni Fundi Viti. Kila mgeni alimvuta mkono akamwonyesha: "Unamwona huyu? Shemeji yangu. Amenakili ya baba yangu, na imetoka bora kuliko ya baba."

Ya baba yenyewe ikaanza utundu. Asubuhi ikawa haiwaki mpaka upige kiki jasho likutoke, ikiwaka inakohoa, na ile sauti ya chuma kisafi imefifia. "Uzee," Mkereza alimwambia. "Shaba nayo inachoka, shemeji." Kila Jumamosi akapiga goti, bisibisi mkononi, akaikaza hapa na kuilegeza pale, na kila Jumamosi Fundi Viti akamshukuru. Tena alimshukuru kwa moyo, akamshonea kiti kipya cha gari lake dogo bila kutaka hata ahsante. Panya akikuuma hukupuliza ili usisikie. Huyu alipuliza kwa miaka.

Jumamosi ya mambo haya alikuja uani mzee mmoja, fundi makenika wa siku nyingi, aliyekuwa amekuja mjini kumwona binti yake. Alisikia kuna watu wana Kengele, akataka kuziona kabla hajarudi kwake. Waliinuka wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nasikia hapa kuna kofia ndefu. Mimi nilizifungua zilipokuwa mpya."

Waliposikia hivyo karibu wambebe. Wakampa tairi zuri, wakammiminia chai, maswali yakamwagika: mkoba wa spana ulikuwa wa ngozi au wa turubai? Namba ya injini ilipigwa upande gani? Mzee alijibu yote, na alipokuwa hajui alisema hajui, jambo ambalo pale uani lilikuwa geni kabisa. Kisha akasimama mbele ya pikipiki ya Fundi Viti, akaitazama kwa muda.

"Hii ilikuwa ya tarishi mmoja," alisema. "Mrefu, mkimya."

"Baba yangu," Fundi Viti akasema.

"Na imebaki kamili?"

Hapo ndipo alipojikweza. Nani asingejikweza? Alikuwa mbele ya mtu aliyemjua baba yake. Akaweka kiganja juu ya tangi. "Kila kitu ni cha kiwandani, mzee, kuanzia kiti mpaka kabureta. Na mkono wangu uko hapa." Akageuka kumtazama shemeji yake, akangoja.

Mkereza alichelewa kidogo. Kisha akasogea, akaweka kiganja chake juu ya kile cha Fundi Viti. "Na wangu juu ya wako."

Mzee hakuzijua kanuni zao. Alidhani ni mzaha wa marafiki, akacheka. "Si kamili kamili," alisema. "Ile kabureta ilipasuka sikio la chini, baba yako akaniletea karibu analia. Nikalilehemu. Kuna uvimbe pale, mdogo, kama punje ya dengu. Huuoni, ila kidole kinaupata." Akainama, akapitisha kidole chini ya kabureta. Akakipitisha tena. Akainua nyusi.

"Hapana," alisema. "Hii si ile."

"Ni hiyo, mzee," Fundi Viti akasema. "Haijatoka hapo ila siku chache tu."

Mzee hakuwa na ubaya wowote, na ndilo lililoumiza. Alijongea tu kwenye Kengele ya pili, kama mtu anayetafuta miwani yake, akapitisha kidole chini, na uso ukamchanua. "Hii hapa! Ndiyo hii, na mshono wangu huu hapa! Kumbe mlibadilishana. Haya, shemeji na shemeji, nani atawauliza?"

Kinyozi aliangalia juu, Mwokaji aliangalia birika. Fundi Viti alikuwa bado na kiganja juu ya tangi, na kiganja cha Mkereza kilikuwa kimeondoka, hakujua kimeondoka saa ngapi.

"Shemeji," aliita, taratibu. "Ipi ni mama?"

Mkereza alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu. "Shemeji, twende pembeni tuongee."

"Hapahapa. Ipi ni mama?"

"Yangu," Mkereza akasema. Kisha, kwa haraka, "Nilitaka kurudisha. Kila Jumamosi nilitaka kurudisha. Wewe huendeshi, shemeji, unatoka nyumbani kwenda karakana. Nikasema, kwani atapungukiwa nini?"

Fundi Viti akawageukia wenzake. "Nyie mlijua?"

Mwokaji akakohoa. "Kujua, hapana. Lakini mtoto kumshinda mama... mtu alikuwa anajiuliza."

"Mlijiuliza, na hamkuniuliza mimi."

"Nani aingie kati ya shemeji na shemeji?" Kinyozi akasema. Alipobanwa Kinyozi alikimbilia mzaha, ndivyo alivyoumbwa, na hapo ulimtoka ambao angelipa chochote aurudishe mdomoni. "Na wahenga walisema, ukila na kipofu usimguse mkono."

Fundi Viti alihisi uso unamwaka moto. Kipofu alikuwa yeye, na walimgusa mkono kila Jumamosi, mbele ya watu wote. Hasira juu ya kabureta ingempita, kabureta ni shaba. Lililomkata maini ni ule mkono wa juu ya wake. Mtu anajua unaapa uongo bila kujua, halafu anakusaidia kuapa.

"Mkono wangu umevunjika," alisema.

"Haukuvunjika, wewe hukujua!" Mwokaji akapinga. "Kanuni haimhusu asiyejua!"

"Umevunjika," alirudia, akaisukuma pikipiki hadi nje ya geti. Mzee makenika alibaki amesimama, akiuliza kama amesema neno baya.

Kwa nani ungekwenda? Yeye alikwenda kwa dada yake. Alikokota pikipiki mitaa yote hiyo akipanga maneno, kwa sababu alijua yatamuumiza dada kuliko yeye: baba yao mmoja, na aliyefanya haya ni mume wake. Alipanga hata namna ya kumtuliza. Alimkuta uani anaanika nguo.

Akamweleza yote. Dada hakuacha kuanika. Alikung'uta shati, akalibana kwa vibanio, akachukua jingine. Fundi Viti alipomaliza, akangoja amsikie akilia.

"Mume wangu alikataa, kaka," dada akasema. "Mara mbili. Mimi ndiye niliyemwambia, na nilimshikia taa akifunga."

Fundi Viti aliiegemeza pikipiki ukutani.

"Baba akirudi jioni ni nani aliyemfungulia geti?" dada akaendelea, bila kumtazama. "Wewe ulikuwa kwa fundi wako unajifunza kushona. Mimi niliijua kengele ile tangu inakata kona. Alipokufa mkakaa wanaume mkagawa, pikipiki ikaenda kwa mtoto wa kiume, mimi nikapewa sufuria. Sikuitaka pikipiki. Nilitaka kuisikia jioni inaingia kwangu. Basi."

"Ungeniambia."

"Ungenipa?"

Alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akasema, "Nisingekupa."

"Umeona."

"Nisingekupa, na wewe ungenuna, tungegombana, tungepatana!" Sauti ilimpanda mpaka jirani akachungulia ukutani. "Mngeniibia nzima, dada! Mngeniibia usiku nikaamka nikaona pale patupu, nikajua nimeibiwa, nikalia yakaisha! Mkaniachia maiti nikiiosha na kuiapia. Jumapili unanipakulia chakula, unaniuliza, 'Pikipiki ya baba inaendeleaje?' Uliniuliza hivyo. Kwa mdomo wako."

Dada akashusha mikono. Nguo mbichi ilimchirizikia miguuni.

Mkereza akaingia akihema. Alikuwa ameifungua kabureta kulekule barazani, ameifunga katika kitambaa, na mikono yake ilinuka petroli. Akaiweka kwenye kiti cha pikipiki, juu ya ngozi iliyopasuka. "Hii hapa, shemeji. Nitakufungia sasa hivi. Hata sasa hivi."

Fundi Viti akaichukua. Ilikuwa bado na joto la mikono ya mwenzake. Akapitisha kidole chini akaupata ule uvimbe, mdogo, kama alivyosema mzee, na ndipo machozi yalipomtoka. Miaka yote hiyo, hata ilipokuwa yake, hakuwahi kuugusa.

Kinyozi ndiye aliyeifunga baadaye, akijaribu kufuta mzaha wake kwa kazi. Kengele ikarudi kuimba. Wiki kadhaa zikapita ndipo Fundi Viti alipoonekana tena barazani, na Mkereza siku hizo alikaa tairi la mwisho, haongei. Mgeni mmoja aliuliza kama kweli ile ni kofia ndefu ya kiwandani. Wote wakamtazama Fundi Viti. Mikono yake ilibaki mapajani. "Wanasema ni ya kiwandani," alijibu, akaomba chai. Mwokaji alitaka kuweka mkono kwa niaba yake, akamkatalia kwa kichwa.

Dada alimtumia salamu mara nyingi. Mwishowe, Jumapili moja, akaenda. Ni dada yake, atakwenda wapi kwingine? Alikaa kwenye kiti kilekile. Shemeji akamsalimu kwa heshima na kutoka nje, akijifanya kuna kitu anakitazama. Walikula. Waliongea habari za watoto wake, za mvua, za bei ya ngozi. Hakuna aliyepandisha sauti, na ungepita dirishani ungesema hawa ndugu wanapendana, na usingekosea.

Baada ya chakula dada akaleta chai, akamwekea mbele yake. "Nimeshatia sukari, kaka," alisema. "Kama unavyopenda."

Fundi Viti akakivuta kikombe, akainua kijiko, akaonja kwanza.

Sukari ilikuwemo. Dada alikuwa amesimama palepale anamtazama, trei mkononi, na kaka yake hakuinua macho.